Mwalimu Mkuu Amekuwa Karani

Katika vijiji vyetu vya Kikatiti, mtu akisema shule fulani imeharibika, neno linalofuata ni kwamba mwalimu mkuu wake hafai. Watoto wakifeli mtihani wa darasa la saba, hafai. Choo kikibomoka, hafai. Mzazi akiombwa debe la mahindi kwa ajili ya uji wa watoto, mwalimu mkuu hafai na tena ni mwizi. Maneno haya nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye mikutano ya kijiji, na kwa miaka niliyokaa katika kamati ya shule nimeyasikia mpaka yamenichosha. Nataka kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya lawama hizi inamwangukia mtu asiyestahili. Mwalimu mkuu wa shule ndogo amefanywa karani, mhasibu, mtunza stoo, msimamizi wa mafundi na mhudhuriaji wa vikao, halafu tunamshangaa kwamba hafundishi. Waliomfanya hivyo ndio wanaopaswa kuulizwa.

Nieleze kwanza ninaposema shule ndogo nina maana gani. Ni shule ya mkondo mmoja, kuanzia darasa la awali hadi la saba, yenye watoto mia moja na hamsini au mia mbili hivi, na walimu sita au saba ukimhesabu mwalimu mkuu mwenyewe. Shule za namna hii si chache kuuzunguka Mlima Meru. Nyingine ziko juu, katikati ya migomba na kahawa, mahali ambapo mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vijana wamelazimika kwenda kutafuta maisha mjini. Nyingine ziko chini ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, kuelekea tambarare kavu ambako boma na boma ni mwendo. Zipo pia zilizoanza kama shule shikizi. Katika fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilizotolewa mwaka 2021, vyumba 3,000 vya madarasa vilitengwa nchi nzima kwa ajili ya vituo shikizi peke yake. Aidha, wazazi wenye uwezo wamewahamishia watoto wao katika shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo mabasi yake hupishana barabarani kila asubuhi. Wanaobaki katika shule ndogo ya kijiji ni watoto wa wale wasio na pengine pa kwenda. Kwa hiyo tunapojadili kazi ya mwalimu mkuu wa shule hiyo tunajadili nafasi pekee waliyo nayo watoto hao.

Kazi hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Wazee wetu wa Meru wanamkumbuka mwalimu mkuu wa shule ya misheni ya Kilutheri, aliyefundisha wiki nzima na Jumapili akaongoza ibada. Alikuwa na ukali wake na mapungufu yake, lakini kila mtu alijua kazi yake ni kufundisha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule hizo kuwa za umma, na mwalimu akawa mtumishi wa serikali moja kwa moja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikuwa imekwisha kumpa shamba la shule. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, akapewa na madarasa ya jioni ya baba na mama zao watoto aliowafundisha asubuhi. Likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Nani aliwasimamia vijana hao siku kwa siku? Mwalimu mkuu. Mzigo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa bado mzigo wa kufundisha.

Mabadiliko yenyewe yalianzia kwenye fedha. Katika miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipoishiwa, mwalimu mkuu akawa mkusanya michango. Yeye ndiye aliyesimama mstarini asubuhi na orodha mkononi akiwarudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawajalipa. Wengi wetu tuliosoma au kusomesha miaka ile hatujamsamehe mpaka leo, ingawa amri haikuwa yake. Ada ilifutwa mwaka 2001, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Fedha za ujenzi zikashushwa hadi shuleni. Jambo jema kabisa, kwa maana kijiji kilianza kuona fedha yake kwa macho. Lakini fedha ile ilikuja bila mtu wa kuiandikia vitabu. Mwalimu wa hesabu za sehemu na desimali akawa mtu wa hati za malipo, daftari la fedha taslimu, leja ya vifaa na mihtasari ya kamati. Kisha ikaja elimu bila malipo Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Mwalimu mkuu aliyekuwa analaumiwa kwa kuchangisha sasa akawa hatarini kwa kuchangisha, na mahitaji yale yale yakabaki mezani kwake.

Tuhesabu sasa kazi zake za leo. Anaandika mapato na matumizi katika mfumo wa FFARS. Anaandikisha wanafunzi na uhamisho wao katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma umehamia katika mfumo wa NeST, na hata shule yenye madarasa saba haikusahauliwa. Chumba kikijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yeye ndiye anayekimbizana na fundi, mchanga, nondo na saruji, na siku mhandisi akija kukagua, anayeulizwa ni yeye. Anapeleka takwimu za mahudhurio, za chakula, za vyoo, za madawati. Anapokea wageni wa chanjo, wa dawa za minyoo, wa mazingira, wa uchaguzi. Huku kwetu anayo na ya ziada, nayo ni maji. Maji mengi ya pande hizi za Meru yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi, na ndiyo sababu kituo cha utafiti wa jambo hili kiliwekwa hapo Ngurdoto. Mwalimu mkuu anatakiwa apate tangi, mabati na mifereji ya kuvuna maji ya mvua. Apate kwa fedha ipi?

Hapa ndipo pana jambo ambalo wananchi wengi hawajaelezwa. Utaratibu ulioanza mwaka 2016 ulipanga shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 huja shuleni. Chukua kalamu, ndugu msomaji, tupige hesabu pamoja. Shule yenye watoto 1,200 inapata shilingi 7,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kwa mwezi. Shule yenye watoto 180 inapata 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Lakini shule hii ndogo ina mlango wa ofisi kama ile kubwa, ina paa, ina nauli ya kwenda Usa River, ina mitihani ya kudurufu, ina mlinzi anayesubiri chochote mwisho wa mwezi. Taarifa zinazodaiwa kwake ni zile zile, kwa fomu zile zile, kwa tarehe zile zile. Fedha inagawanywa kwa vichwa vya watoto, lakini kazi haigawanywi hivyo. Mwalimu mkuu wa shule kubwa ana msaidizi asiye na vipindi vingi, na katika walimu ishirini hakosi kijana anayejua kompyuta. Wa shule ndogo ana vipindi ishirini na kitu kwa wiki, na vishikwambi vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022 havijajifunza kujaza taarifa vyenyewe.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho. Katika shule moja ndogo ambayo sitaitaja, mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa akifundisha hisabati darasa la sita na la saba. Wiki moja aliitwa makao makuu mara tatu: siku ya kwanza kikao, siku ya pili kurekebisha taarifa iliyokataliwa na mfumo, siku ya tatu semina. Siku zote tatu darasa la saba lilikaa na maswali ubaoni, kiranja akiwa amesimama na fimbo. Mwezi uliofuata yalipokuja matokeo ya mtihani wa majaribio, aliitwa tena, safari hii kueleza kwa nini hisabati imeshuka. Mjumbe mwenzangu wa kamati, mzee mwenye busara zake, alimwambia, "Mwalimu, pole. Wamekufunga miguu, sasa wanakuuliza mbona hukimbii." Mwalimu alicheka tu. Mwisho wa mwaka aliandika barua kuomba apumzishwe ukuu, arudi kuwa mwalimu wa kawaida. Barua kama hiyo ni hasara kwa shule yote. Mtu aliyependa kufundisha kuliko wote pale amelazimika kukimbia uongozi ili apate kufundisha.

Nije sasa kwenye maisha ya kazi ya mtu huyu, maana hapo pana dhuluma nyingine. Kwetu ukuu wa shule si daraja la utumishi, ni madaraka ya kukabidhiwa. Ngazi ya mshahara wa mwalimu mkuu ni ile ile ya ualimu wake. Serikali ya awamu ya tano ilianza kumlipa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na mgala muue na haki yake mpe: lilikuwa jambo la kushukuriwa, kwa sababu kabla ya hapo alibeba bure. Lakini posho huja na barua ya uteuzi na huondoka na barua ya kutenguliwa. Mtu anaongoza shule miaka minane, anajenga madarasa mawili, anapanda miti, kisha barua moja inamshusha, na kesho yake anakaa katika chumba cha walimu cha shule ile ile chini ya kijana aliyemfundisha kazi. Hakuna anayehesabu ile miaka minane mahali popote. Wengine huteuliwa Ijumaa na Jumatatu wakakabidhiwa ofisi, bila kuambiwa leja ni kitu gani. Tunacho chuo cha uongozi wa elimu Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP na leo kinaitwa ADEM. Niliowaona mimi wakianza ukuu katika shule ndogo walianza kwanza, mafunzo yakawafuata baadaye au yasiwafuate kabisa. Dereva wa lori hatumpi lori kabla ya leseni. Watoto mia na themanini tunampa mtu yeyote.

Wenzetu wa Kenya wamelifikiria jambo hili kwa namna yao. Katika mwongozo wa upandaji vyeo uliotolewa na Tume ya Utumishi wa Walimu ya huko mwaka 2018, ukuu wa shule ya msingi na usaidizi wake umewekwa kama ngazi za utumishi zenye mishahara yake. Mwalimu anajua akianza hapa atafika pale. Sisemi mambo yao yote ni mazuri. Kipindi hicho hicho walimu wakuu wengi walihamishwa mbali na makwao kwa sera iliyoleta manung'uniko mengi. Lakini ngazi ipo, na mwenye kuipanda anaiona.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba shule ndogo zinatia hasara, ziunganishwe, tuwe na shule chache kubwa zenye kila kitu. Anayesema hivyo aje Kikatiti mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea na makorongo yanayoshuka kutoka mlimani yamejaa, amshike mkono mtoto wa miaka sita amvushe. Au asimame kando ya barabara kuu saa kumi na mbili na nusu asubuhi ahesabu malori na mabasi ambayo mtoto huyo atapishana nayo. Shule ndogo iliwekwa pale ilipo kwa sababu mguu wa mtoto una kikomo. Wala udogo si ugonjwa. Nchi ya Kolombia, tangu miaka ya 1970, imejenga mfumo mzima wa kufundisha katika shule ndogo za vijijini, mwalimu mmoja na madarasa zaidi ya moja, na nchi nyingine zimekwenda kujifunza kwao. Huko Uingereza shule mbili tatu ndogo huweza kuwekwa chini ya mwalimu mkuu mmoja, kila moja ikabaki kijijini kwake. Lakini kwa kawaida shule ya huko, hata iwe ndogo, ina karani wa ofisi. Tusichukue nusu ya mfano.

Jibu la pili ni kwamba walimu wakuu ni wezi, na kuwatetea ni kutetea wizi. Wapo wezi, sikatai, na mwizi apelekwe anakostahili. Lakini tazama tunavyofanya: mtu mmoja anaomba fedha, anaipokea, ananunua, anapokea alichonunua, anaandika vitabu, na ndiye katibu wa kamati inayomkagua. Mwizi angeomba mpango gani bora kuliko huo? Na mwaminifu, akikosea tarakimu moja kwa uchovu usiku, anaonekana mwizi sawasawa na mwizi mwenyewe. Kumtenga mwalimu na vitabu vya fedha kunamlinda mwaminifu na kumbana mwizi kwa wakati mmoja.

La tatu ni lile la mtu anayesema: mbona wamekubali uteuzi? Wangeweza kukataa. Maneno haya ni mepesi kwa asiyebeba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ninachodai si kikubwa, na sehemu yake haihitaji hata sheria mpya. Kwanza, kila kata iwe na mhasibu au karani mmoja wa kuhudumia shule zake ndogo, azunguke kwa siku zinazojulikana, na mifumo ya kompyuta iwe kazi yake. Kata yenye shule ndogo tano ikiajiri mtu mmoja wa namna hiyo itakuwa imerudisha walimu watano darasani. Sijui biashara nyingine yenye faida kama hiyo. Pili, fedha ya shule iwe na kiwango cha chini ambacho hakuna shule itapungukiwa nacho hata ikiwa na watoto mia moja, na juu ya hapo ndipo wahesabiwe vichwa. Tatu, isiwepo siku ya kumwita mwalimu mkuu mwenye vipindi wakati wa vipindi, isipokuwa kwa dharura ya kweli. Vikao viwekwe alasiri, au mwenye kikao aje shuleni na pikipiki yake. Nne, uteuzi uwe na sifa zilizobandikwa ukutani, mafunzo kabla ya kukabidhiwa ofisi, na muda unaojulikana, tuseme miaka mitano inayoweza kuongezwa. Anayeondolewa kabla ya muda aandikiwe sababu, na apewe nafasi ya kujibu. Tano, miaka ya kuongoza vizuri ihesabiwe katika kupanda daraja, hasa miaka iliyotumika katika shule ndogo na ngumu, ili mtu mwenye uwezo asiione shule hiyo kama adhabu.

Na sisi wananchi tuna letu. Katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini watoto wamefeli, tumuulize wiki iliyopita alifundisha vipindi vingapi na ni vingapi alivikosa kwa kuitwa. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kamati. Wiki inayofuata tuulize tena, na baada ya muhula mmoja tuwe na karatasi ya kumpelekea diwani wetu ikiwa na tarehe na idadi. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, nami naona lilifanya vyema, kwa sababu orodha ile haikutuonyesha mtoto wa shule ndogo alipotezewa wapi saa zake. Orodha ya vipindi vilivyokosa mwalimu itatuonyesha. Tuianze sisi wenyewe hapa Kikatiti, kwa daftari la kawaida la mistari, na tumwombe mwalimu mkuu aisome mbele ya wote.